Pikapu Iliyokunywa Kuliko Safari Yake

Awino, nyathina, mwanangu,

Mkoba wako umefungwa na sitaufungua tena. Mambo ya neti ya mbu, ya maji ya kuchemsha, ya kanisa utakalosali kule Lodwar, hayo utayapanga mwenyewe. Una akili na una simu. Nakuandikia jambo moja tu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nikianza kwa Dholuo nitajikuta nakukanya, na sikukaa hapa mezani ili nikukanye.

Jumapili ulituonyesha picha ya pikapu utakayopewa kazini, ya kuzungukia visima. Baba yako aliishika simu muda mrefu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akauliza, "Turbo ngapi?" Ukamwambia mbili. Akakurudishia simu, akachukua mkongojo wake, akatoka kwenda kuwaangalia kuku ambao walikuwa wameshalishwa. Ukacheka, ukasema mzee bado anapenda magari. Mimi sikucheka.

Wewe unajua habari ya ajali kama tulivyokusimulia ukiwa kidato cha pili: ng'ombe alitokea barabarani kati ya Katito na Kendu Bay, baba akakanyaga breki, pikapu ikabingirika. Hayo yote ni kweli. Ng'ombe alikuwepo. Lakini habari ile inaanza kabla ya ng'ombe, na inaanza na mafuta.

Unaikumbuka ile pikapu ya kijivu. Baba yako alikuwa akiuza chakula cha samaki kwa watu wenye vizimba vya samaki ziwani, upande wa Bondo na upande wa Kendu Bay, na gari lake la zamani lilikuwa limemchosha yeye na fundi wake. Akaipata hiyo kwa Mzee Jayesh, yule mwenye duka la vyuma karibu na hekalu la Wahindi. Ilikuwa na milango minne, injini ya petroli ya silinda sita, na turbo mbili za kuiongezea nguvu. Mzee Jayesh alitwambia akiwa amesimama kivulini mwa duka lake, "Inaenda kilomita tisa, hata kumi, kwa lita moja. Mimi nimeitumia miaka." Niliangalia uso wake nikitafuta uongo. Wewe unanijua. Mimi nauza mapazia sokoni Kibuye. Kila siku mtu ananiambia kitambaa hiki hakichuji, na kila siku nakisugua kwa kidole kilicholowa mate kabla sijaamini. Lakini nguvu ya injini huwezi kuisugua kwa kidole. Tukaichukua.

Mwezi haukuisha kabla sijaanza kuona kwamba mafuta hayalingani na safari. Njia za baba yako nilizijua zote. Nilijua ni mbali kiasi gani hadi Bondo, ni mbali kiasi gani hadi Kendu Bay kupitia Ahero na Katito. Tangi lilikuwa likikauka kama vile gari limekwenda mara mbili ya hapo. Kwa hesabu yangu, ile pikapu ilikuwa ikipata kilomita tano kwa lita, sita siku ikiwa na huruma.

Kwanza nilishuku kituo cha petroli. Nikamwambia baba yako pampu yao inadanganya, abadilishe. Akabadilisha bila ubishi, na mafuta yakaendelea kuisha. Hapo nikamshuku Mzee Jayesh. Nilimwendea dukani peke yangu.

"Mzee, gari uliyotuuzia iko na ugonjwa gani?"

"Ugonjwa? Hapana, Mama. Imefanya nini?"

"Inakunywa. Wewe ulisema tisa. Tunapata tano."

Alivua miwani akaifuta. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonisumbua njia nzima ya kurudi Kibuye. "Mimi naenda nayo dukani, hekaluni, nyumbani," akasema. "Siku moja moja Kakamega kwa dada yangu. Mimi mtu mzee, Mama. Hiyo nguvu yote sijawahi itumia. Nani anaendesha sasa?"

"Bwana yangu."

"Basi uliza bwana yako."

Awino, neno hilo liliniingia vibaya. Nilipofika nyumbani nilianza kumtazama baba yako kama mtu anayemtazama mpangaji mgeni.

Na nikitazama, nikaona. Nikaona kwamba siku za Kendu Bay anaamka kabla ya kengele. Ananyoa ndevu. Anaiosha pikapu mwenyewe, yeye ambaye hata kikombe chake haoshi. Nikimwambia nitaandamana naye nikamwone shangazi yako wa huko, anasema barabara inachosha, nipumzike. Anarudi akiimba kwa sauti ya chini, macho yanang'aa, na akikaa mezani anakula kama mtu aliyelima. Kulikuwa na mteja huko, mjane, Mama Beryl, mwenye vizimba vinne na mashua. Jina lake lilitajwa mezani petu mara nyingi kuliko jina la mchungaji.

Halafu kulikuwa na ile namba ya dashibodi. Gari lile lilikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha wastani wa mafuta kutoka pale ulipokianzisha. Jioni moja niliingia garini kuchukua mwavuli wangu nikazungusha ufunguo kidogo. Namba ilikuwa nzuri ajabu, lakini chini yake iliandikwa umbali: ilikuwa imehesabu kutoka barabarani pale hadi kwenye lango letu tu. Alikuwa ameifuta. Alikuwa akiifuta kila siku kabla ya kufika nyumbani.

Nilimuuliza kwa upole, "Hii namba mbona inaanza hapa karibu na lango?"

"Aa, hizo namba zinachanganya tu," akasema. "Usizifuate."

Mtu anayefuta ana kitu cha kufuta. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na sikukosea.

Basi nikampima. Nilimwambia shangazi yako ni mgonjwa, lazima niende, na siku hiyo akalazimika kunichukua. Tulijaza tangi mpaka pampu ikajizima yenyewe. Nyuma tulibeba magunia ya chakula cha samaki, mzigo kamili. Baba yako aliendesha kama askofu. Kwenye matuta alipunguza mpaka karibu tusimame. Malori ya mchanga yalitupita. Pale Katito alininunulia ndizi. Tulienda, tukashusha, nikakaa kidogo kwa shangazi yako ambaye alishangaa kusikia ni mgonjwa, tukarudi, tukajaza tena kwenye pampu ile ile. Nikagawanya kichwani. Tisa, kasoro kidogo.

Elewa jinsi nilivyoelewa. Akiwa na mzigo na mke, gari linapata karibu tisa. Akiwa peke yake, na mara nyingi bila mzigo wa kurudi, linapata tano. Nikafikiri: basi anaenda mbali zaidi, ana njia nyingine. Safari yake iliyofuata nikasoma ile hesabu ya kilomita ambayo haifutiki, asubuhi na jioni. Umbali ulikuwa ule ule. Kwenda Kendu Bay na kurudi, hakuna kona iliyozidi.

Umbali ni ule ule na mafuta yamepungua. Basi mafuta yanatoka. Yanatoka wapi? Nikakumbuka mashua ya Mama Beryl. Mashua ina injini, na injini ya mashua inakunywa petroli.

Niliketi kwenye duka langu Kibuye nikiliwaza jambo hilo. Nilimwona baba yako akichomeka mpira kwenye tangi, akivuta, akijaza jerikeni ya mwanamke mwingine huku wanacheka. Niliona mpaka rangi ya jerikeni. Wateja wananiuliza bei ya pazia nawajibu bei ya shuka.

Nikafunga duka, nikaenda. Sikumwambia mtu.

Mama Beryl nilimkuta ufuoni akiwa amevaa buti za mpira, anarekebisha wavu wa kizimba pamoja na vijana wake wa kazi. Nilikuwa nimemtarajia mwanamke mwembamba mwenye hereni. Alikuwa mtu mzima kunizidi, mikono imechanika kwa kamba, na alinitazama kwa shaka zaidi kuliko nilivyomtazama.

"Wewe ni wa kaunti?" akauliza. "Kama ni mambo ya leseni, iko."

"Mimi ni mke wa mwenye kuleta chakula cha samaki."

Uso wake ukabadilika, lakini si kama nilivyongoja. "Kuna shida? Amepata ajali?"

"Hapana. Kwa nini unauliza hivyo?"

Akaurudia wavu wake. Nikamzunguka kidogo, nikakaribia mashua, nikaona jerikeni iliyofungwa kwa kamba karibu na injini. "Petroli unatoa wapi?"

"Hiyo? Kijana wa bodaboda ananiletea kutoka mjini. Ghali sana. Kwani mnauza petroli pia?"

"Bwana yangu hajawahi kukuletea?"

Akasimama wima, akaweka wavu chini. Nadhani hapo ndipo alielewa nimefuata nini, na angeweza kuniaibisha mbele ya vijana wake. Alinishika mkono tukaenda kando kidogo.

"Nyar Alego," akaniita, binti wa Alego, maana baba yako alikuwa amemwambia kwetu ni wapi, "mimi bwana yako simjui zaidi ya magunia. Anashusha, anahesabu, anaenda. Lakini kwa vile umekuja, mwambie apunguze. Sisi hapa tunaisikia hiyo gari kabla hatujaiona. Akishatoka Katito barabara imenyooka, anaiachilia. Watoto wetu tumewaambia wakisikia ile sauti watoke barabarani, wasingoje kuona."

Nataka ujue nilichohisi, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike barua hii. Nilifurahi. Hakukuwa na mwanamke. Hakukuwa na mpira wala jerikeni. Mafuta yote yale yalikuwa yameteketea ndani ya injini ile ile, kwa mguu wake mwenyewe. Mzee Jayesh hakutudanganya, pampu haikutudanganya. Gari lenye nguvu namna hiyo linakunywa kwa kadiri linavyokanyagwa, na baba yako, mwanamume ambaye maisha yake yote alikuwa akiambiwa kaa hapa, saini hapa, alikuwa amepata kipande cha lami ambapo hakuna anayemwambia kitu. Hayo mambo yote niliyoyaona, kunyoa, kuimba, kula sana, yalikuwa mapenzi kweli. Nilikosea tu aliyekuwa akipendwa.

Nilinunua samaki wa Mama Beryl wengi kuliko tulivyoweza kula. Nilicheka njiani peke yangu. Nilipika jioni hiyo, baba yako akanipongeza, na mimi nikamtazama akila nikajisikia mwanamke mwenye bahati.

"Gari linakunywa vipi siku hizi?" nikamuuliza.

"Linakunywa tu. Ndivyo lilivyoumbwa."

"Uwe unaenda pole."

"Mimi huenda pole."

Nikajua huo ni uongo, na nikatabasamu. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo mkubwa. Huu mdogo ulionekana kama zawadi. Halafu kulikuwa na jambo jingine. Ili nimwambie ninajua mwendo wake, ningelazimika kusema nimejuaje. Ningelazimika kusema nilifunga duka nikaenda kumchungulia kwa mjane wa watu na kunusa jerikeni yake. Nikaona aibu hiyo ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Nikanyamaza. Maneno ya Mama Beryl kuhusu watoto niliyasikia, Awino, usifikiri sikuyasikia. Niliyaweka mahali kama mtu anavyoweka kitu atakachokishughulikia akipata nafasi.

Nafasi haikufika. Yaliyobaki unayajua, isipokuwa hili. Ng'ombe yule hakuwa peke yake. Alikuwa na msichana anayemchunga, mdogo, wa shule ya msingi. Alisikia sauti akafanya alivyofundishwa: akaacha kamba, akakimbilia kwenye mtama. Ng'ombe hakufundishwa. Baba yako alimwona mtoto akiingia shambani na akamwona ng'ombe amebaki, na breki za gari lile zilikuwa nzuri, lakini hakuna breki ya mwendo ule. Mimi nilielezwa na Mama Beryl, ambaye alifika pale na kumfunga baba yako mguu kwa leso yake kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana.

Hospitalini Kisumu, alipoweza kusema, alisema, "Ng'ombe alitokea tu."

Nikasema, "Ndiyo."

Tukaishi na maneno hayo mawili miaka hii yote. Ukija likizo, wageni wakija, mchungaji akija: ng'ombe alitokea tu, ndiyo. Mguu ukakatwa chini ya goti, biashara ya chakula cha samaki akaichukua mtu mwingine, mapazia yakakusomesha. Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa na hakika hajui kwamba ninajua.

Basi Jumapili hiyo, ulipotoka kwenda kwa rafiki zako, baba yako alirudi kutoka kwa kuku akasimama mlangoni pa jikoni.

"Mwambie," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Hiyo gari yake. Mwambie unayoyajua."

"Mimi najua nini?"

Akaegemea mlango. "Mama Beryl alinipigia simu akaniambia ulikuja. Siku ile ile."

Mwanangu, niliketi juu ya ndoo. Miaka yote hiyo nilifikiri mimi ndiye ninayemficha. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, bila kunilaumu, kama mtu anayesema habari ya hali ya hewa, "Nilingoja uniambie niache. Jioni nzima nilikuwa nangoja. Uliposema niende pole, nikasema sasa itakuja. Ukatabasamu tu. Nikadhani umekubali."

Nilimwambia aketi, nikamwekea chai. Tulikaa hapo tukizungumza habari ya ile barabara kwa mara ya kwanza, naye aliniambia mambo ambayo sitayaandika, ni yake. Moja tu ameniruhusu: kwamba ukiwa peke yako kwenye gari lenye nguvu, raha huja kabla ya hofu, kila mara, na ukingoja hofu ikupunguzie mwendo, utakuwa umechelewa.

Sasa tuje kwako.

Usidhani nimepona tabia yangu ya kushuku. Sijapona, na sitaki. Ilinionyesha ukweli; nilichokosea ni kwamba nilikuwa nimeshachagua ukweli ninaouogopa, na nilipokuta mwingine nikaufungia mlango kwa shangwe. Kwa hiyo namshuku yeyote atakayekwambia pikapu hiyo ina kilomita ngapi kwa lita. Nashuku karatasi zao. Nashuku kioo cha dashibodi chenye kitufe cha kufutia. Na wewe, Awino, nakushuku pia.

Mwezi wa nne, tulipokwenda Bondo kwenye matanga ya nyanya yako, uliomba gari la mjomba wako uendeshe. Baada ya Kisian niliegemeza kichwa dirishani, na wewe ukaniangalia, ukaniita mara moja, "Mama?" Sikuitika. Ukasikiliza kidogo. Kisha ukalikanyaga. Mshale wa mwendo ulipita mia, ukapita mia na ishirini, na wewe ulikuwa ukiimba kwa sauti ya chini.

Sikuwa nimelala. Niliona mshale njia nzima. Tuliposhuka ukaniuliza kama nimepumzika, nikasema ndiyo.

Basi nasema leo, na nimechelewa miezi kadhaa badala ya maisha yote: nilikuona. Acha. Sikukubali.

Kule Lodwar utajaza tangi na utanipigia, nami nitakuuliza umepata kilomita ngapi kwa lita, nitauliza kila mara mpaka uchoke na mimi. Ukiniambia gari linakunywa tu, ndivyo lilivyoumbwa, sitatafuta mwizi wa mafuta. Nitakata simu, nitafunga duka, nitapanda basi la Lodwar, na safari hii nikifika nitasema nimekuja kwa nini.

Mama yako,
Nyar Alego